USILINGANISHE MAISHA KWA KUBADILISHA HELA: yaliyonikuta mimi kati ya Mabamba na Gisuru

Hii ni ndefu kidogo, ila kama una mteja hata mmoja upande wa Burundi, au unafikiria kumpata, soma mpaka mwisho. Itakuokolea mtaji.

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la wauzaji wa Kibondo na Kasulu kulizuka ubishi mpaka usiku wa manane. Kaka mmoja alikuwa katoka Gisuru, akatuma sauti anacheka: "Jamani Burundi maisha rahisi! Nimebadilisha shilingi kidogo tu, nimekula, nimekunywa, nimerudi na chenji. Sisi huku tunaumia bure." Dada mmoja wa Kasulu akamjibu papo hapo: "Maisha gani? Wale hawana hela, ndiyo maana wanakuja kulima mashamba yetu kwa kibarua. Mimi nawapelekea mali ya bei ya chini tu, nzuri hawaiwezi."

Nilisikiliza wote wawili nikanyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilinyamaza kwa sababu kila mmoja alikuwa anarudia kosa ambalo mimi nimeshalilipia kwa hela yangu.

Leo naandika hapa ili wewe usilipie.

KOSA LANGU LA KWANZA: NILIDHANI HAWANA HELA

Mimi nauza vitenge na asali. Nilianza kuuza soko la pamoja pale kambi ya Nduta, baada ya kambi kufunguliwa tena mwaka 2015 wakati Warundi walipokimbia vurugu za kwao. Pale ndipo nilipowajua wateja wangu wa mwanzo. Safari za kurudi kwao kwa hiari zilipoanza mwaka 2017, baadhi wakaondoka, lakini namba za simu zikabaki. Mtu akifika kwake Ruyigi ananitumia ujumbe: "Mama, vitenge vipya vipo?" Hivyo ndivyo nilivyogeuka muuzaji wa mtandaoni. Sikusoma kozi yoyote. Wateja walihama, nami nikawafuata kwa WhatsApp.

Mwaka 2022 nikapata wazo nililoliona la akili sana. Nikasema, hawa ni watu wa hali ya chini, nikiwapelekea vitenge vya daraja la chini nitauza vingi. Nikachukua mzigo wa vile vya kuchuja rangi. Kwenye stetasi nikapiga picha nzuri, mwanga mzuri, bei ya kutupa.

Vilinunuliwa mara moja. Mara ya pili kimya. Nikaposti tena, kimya. Mwisho nikampigia mama mmoja wa Ruyigi, mteja wangu tangu Nduta, nikamuuliza kuna nini. Akanijibu kwa upole: "Mama, mimi nina shida ya petroli. Sina shida ya macho."

Aisee, nilichoka. Kumbe mtu anayepata hela kwa shida ndiye anayeichunga zaidi. Kitenge chake ni kimoja kwa mwaka, cha harusi na cha kanisani. Akinunua kinachochuja hana cha pili cha kubadilisha. Mwenye hela nyingi anaweza kukosea akanunua tena. Yeye hawezi.

KOSA LANGU LA PILI: NILIDHANI KULE NI RAHISI

Baada ya kuomba radhi na kurudisha mali nzuri, wateja wakarudi. Wengi walinilipa faranga taslimu siku ya mnada, nami nikawa nazikusanya kwenye kopo nyumbani. Kila nikivuka naona vitu bei ya chini. Nikajipa moyo, faranga zangu zikae tu, nitazitumia kununua mali kule kule kwenye unafuu.

Mwezi wa 5 mwaka 2023 benki kuu ya Burundi ikashusha thamani ya faranga. Dola moja iliyokuwa chini kidogo ya faranga 2,100 ikawa juu ya 2,800 kwa bei ya benki. Nikasema sawa, nitasubiri irudi.

Mwezi wa 6 likaja la pili. Benki kuu ikatangaza kuwa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa kwenye mzunguko, na wenye nazo wana siku 10 tu za kuzipeleka benki. Siku 10! Fungua kopo langu sasa: ni noti hizo hizo, karibu nusu ya mtaji. Mimi niko Kibondo, sina akaunti Burundi, sina kitambulisho cha kule.

Unajua nani aliniokoa? Yule mama wa Ruyigi. Yule yule niliyemuuzia kitenge cha kuchuja. Nilimfikishia zile noti, akapanga foleni benki siku mbili, akaziingiza kwenye akaunti yake, akanirudishia kidogo kidogo kwa mali na kwa noti mpya. Hakukata hata senti. Ila hadi hela yote inarudi mikononi mwangu, thamani ilishashuka tena, na mzigo niliopata kununua haukufikia ule niliouza.

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho kaka yetu wa kwenye grupu bado hajakielewa: bei nafuu kwako si maisha nafuu kwake. Wewe umeingia na shilingi, umebadilisha kwa bei ya mtaani, lazima uone kila kitu rahisi. Anayeishi pale analipwa kwa faranga, na kila mwezi faranga yake inanunua kidogo kuliko mwezi uliopita. Unafuu uliouona wewe ndiyo hasara yake yeye.

BASI TULINGANISHE VIPI?

Mimi siku hizi nikitaka kujua maisha ya watu wa mahali, nauliza mambo matano. Nimeyapanga hapa kwa Tanzania na Burundi kwa sababu ndio majirani zetu, lakini unaweza kuyatumia kwa Kenya, kwa Oman, kwa popote mteja wako alipo.

1. Siku moja ya kazi inanunua nini?

Acha kuuliza "sukari kule ni shilingi ngapi". Uliza: kibarua akilima siku nzima, anapata kilo ngapi za sukari? Chukua mfano wa kufundishia tu. Kama kibarua wa huku analipwa 5,000 na sukari ni 3,000, siku yake ni kilo moja na nusu na ushee. Sasa mpigie mtu wako wa kule, muulize kibarua na sukari kwa faranga, gawanya. Hapo umelinganisha maisha bila kugusa bei ya kubadilisha hela. Fanya hivyo kwa mchele, kwa sabuni, kwa bati. Utaelewa kwa nini vijana wa Kirundi wanavuka kuja kulima kwetu kwa malipo ambayo kijana wa Kasulu anayakataa. Hawapendi kazi ngumu kuliko sisi. Wamepiga hesabu.

Ukitaka takwimu kubwa, Benki ya Dunia huweka wastani wa pato la Mtanzania kwenye dola kama 1,200 kwa mwaka, na la Mrundi chini ya dola 300. Ukirekebisha kwa bei za vitu vya kila nchi pengo linapungua kidogo, lakini linabaki kubwa.

2. Ukiwa na hela, kitu kipo?

Hili ndilo watu wengi wanalisahau. Kwetu EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tunalalamika ikipanda, lakini ukifika kituoni unajaza. Burundi miaka ya karibuni mtu anaweza kuwa na hela mkononi na gari likalala kwenye foleni siku kadhaa, na mtaani petroli ikauzwa mara kadhaa ya bei ya serikali. Sukari nayo hupotea, soda na bia nazo hupotea. Shina ni lile lile la fedha za kigeni: nchi haina dola za kutosha kuagiza. Ndiyo maana baadaye dola mtaani ilifika zaidi ya mara mbili ya bei ya benki.

Kwa hiyo yule mama aliposema ana shida ya petroli alikuwa ananieleza maisha yake yote kwa neno moja. Bila petroli mzigo haufiki, nauli inapanda, na kila kitu sokoni kinapanda nayo.

3. Umeme na simu

Burundi ni kama mtu 1 kati ya 10 aliye na umeme. Tanzania tunakaribia nusu. Lakini tusijisahau: Kibondo na Kasulu zenyewe ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli mpaka gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Ulikuwa unaposti huku unaangalia chaji ikiisha. Basi mteja wako wa kijijini Ruyigi leo yuko pale ulipokuwa wewe jana. Anapeleka simu kwa fundi ichajiwe kwa malipo. Akikaa saa 8 hajajibu, usimbloku, usimwandikie "mteja msumbufu". Simu iko kwenye foleni ya chaji.

4. Ardhi

Mkoa wa Kigoma peke yake ni mkubwa kuliko nchi nzima ya Burundi. Sensa ya 2022 ilihesabu Kigoma watu milioni 2.4 na ushee. Burundi ina zaidi ya milioni 12. Hesabu mwenyewe familia ina kipande gani cha shamba. Sisi mvua zikikataa kahawa, tuna muhogo. Muhogo ukiugua, kuna maharage. Na wengi bado tunaweza kukodi ekari nyingine. Kwao hata kilima kinalimwa hadi kileleni. Hii ndiyo sababu muhogo na maharage yetu yana soko la uhakika kule, hata noti zikibadilika rangi.

5. Afya na shule

Hapa majirani wasidharauliwe. Burundi ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2005, na mwaka 2006 ikafanya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano na ya mama anayejifungua kuwa bure. Sisi ada ya msingi tuliifuta mapema miaka ya 2000, na mwaka 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Kwa ujumla bado tuko mbele: kwenye ripoti ya maendeleo ya watu ya Umoja wa Mataifa ya 2023/24, kati ya nchi 193, Tanzania ilikuwa ya 167 na Burundi ya 187.

Sasa iangalie hiyo namba vizuri. Ya 167. Si nafasi ya kumcheka mtu wa 187.

TANZANIA IPI NA BURUNDI IPI?

Tunaposema "Tanzania tuko juu", tunajumlisha Dar, Arusha, Mwanza na Kigoma kwenye kapu moja. Utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania wako chini ya mstari wa umaskini, na Kigoma ilikuwa juu ya wastani huo. Yaani mtu wa Mabamba anajisifia utajiri uliohesabiwa Masaki.

Nenda Mabamba, kisha vuka uende Gisuru. Mihogo ile ile, migomba ile ile. Kiha na Kirundi tunasikilizana bila mkalimani. Mpaka wenyewe waliupanga Wabelgiji na Waingereza baada ya vita kuu ya kwanza, sisi hatukuulizwa. Baba wa Mabamba na baba wa Gisuru maisha yao yanafanana kuliko maisha ya huyo wa Mabamba na mtu wa Mikocheni.

Tofauti yao ni nini basi? Ni vile vitu ambavyo wewe peke yako huwezi kujinunulia: hela inayotunza thamani, mafuta yanayofika kituoni, waya wa umeme, barabara. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu ilipoanza kupanda lami, gharama ya mzigo wangu ilibadilika na mimi sikufanya chochote. Huo ndio utajiri tunaomzidi nao jirani. Hatukuupata kwa werevu wetu, na tusidhani hauwezi kupotea.

Ndiyo maana yule dada wa "hawana hela" sikubaliani naye, na wale wanaosema "tuwapige bei, hawana pa kwenda" nakubaliana nao kidogo zaidi bado. Kweli, tangu Burundi ifunge mpaka wake na Rwanda mwezi wa 1 mwaka 2024 wengi wanatutegemea zaidi. Lakini mtu aliyebanwa anakumbuka aliyembana. Shida ya nchi yake itapita, namba yako itabaki kwenye simu yake, na jina aliloandika ni wewe utakayekuwa umelichagua. Na anayeweza kuokoa mtaji wako siku moja, humjui sasa hivi ni nani.

YA KUFANYA KUANZIA LEO

• Taja bei kwa shilingi, na sema ni ya leo. Andika kabisa: "Bei hii ni mpaka saa 12 jioni." Faranga ikiyumba kesho, hamgombani.

• Usiweke akiba ya faranga. Ukipokea, nunua mali siku hiyo hiyo au badilisha siku hiyo hiyo kwa watu unaowaamini. Kopo langu liwe fundisho kwako.

• Pokea malipo kabla mzigo haujavuka. Wengi wana ndugu au wakala upande wetu anayeweza kulipia kwa lipa namba. Kule wanatumia Lumicash na EcoCash; usikubali picha ya muamala, subiri hela iingie.

• Punguza ukubwa, usipunguze ubora. Asali ya lita 5 wachache wanaimudu. Chupa ya robo lita, asali ile ile safi, inakwenda. Hivyo ndivyo unavyomheshimu mwenye kipato kidogo.

• Weka nauli mbali na bei ya bidhaa. Petroli ikikosekana nauli inaruka. Mteja akiona ni nauli iliyopanda, hatakuita mwizi.

• Kumbuka saa. Wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukiposti saa 3 usiku kwetu, kwao ni saa 2, watu ndio wanamaliza kula. Na Jumamosi asubuhi wana kazi za jumuiya, usiahidi mzigo kufika muda huo.

• Pita njia halali. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mazao na bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina utaratibu rahisi wa cheti cha uasili pale pale mpakani. Waulize forodha Mabamba au Manyovu bidhaa yako imo kwenye orodha, na kama ni chakula uliza kibali. Njia ya panya inaokoa elfu kumi na kupoteza laki tano.

• Muulize mteja anakosa nini, usimkisie. Swali moja la "Mama, siku hizi kwenu kinachosumbua ni nini?" limeniuzia zaidi ya picha hamsini.

Kwa kaka wa "maisha rahisi": rudi Gisuru, lakini safari hii usile kwa shilingi zako. Kaa na mwenyeji, muulize alifanya kazi siku ngapi kwa hiyo sahani. Kwa dada wa "hawana hela": peleka mali nzuri mara moja tu, uone nani anarudi.

Mimi yule mama wa Ruyigi bado ni mteja wangu. Mwezi uliopita alichukua vitenge vitatu, vya mabinti zake. Kabla ya kutuma nilivifua mwenyewe kipande kipande kwenye beseni nione kama maji yatabadilika rangi. Hayakubadilika. Ndipo nikavifunga.

Wewe unauza wapi, na umewahi kumkisia mteja ukaumia? Niandikie hapo chini kwenye komenti tujifunze wote. Na kama una mwenzako anayekusanya faranga kwenye kopo, mtumie hii leo, usisubiri kesho.